Je, ni haki fedha za umma zilipie manukuu ya vipindi vya televisheni vya hapa kwetu?

Mtayarishaji wa Sakina (Arusha) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninatayarisha vipindi vya nusu saa kuhusu kilimo na maisha ya vijijini, ambavyo hurushwa na kituo kimoja cha hapa kwetu na baadaye huwekwa YouTube. Miezi michache iliyopita tulirekodi kipindi kuhusu mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga wameitumia kwa vizazi vingi kuteremsha maji kutoka mlimani hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yenye migomba. Mzungumzaji wetu mkuu alikuwa mzee mmoja wa Machame, ambaye Kiswahili chake hurudi kwenye Kimachame kila anapofika mahali penye uchungu au penye furaha. Kwa kuwa vituo vyetu vinatakiwa kutangaza kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, tuliagizwa tuifunike sauti ya mzee kwa sauti ya mtangazaji anayetafsiri, nasi tukafanya hivyo. Siku kipindi kilipotoka, binti wa yule mzee alinipigia simu akaniambia kwamba baba yake alijiona akifumbua mdomo huku ikitoka sauti ya mtu mwingine, na kwamba aliinuka akaenda kulala kabla kipindi hakijaisha.

Simu ile imenikaa moyoni. Kwa ajili ya YouTube nilikirudia kipindi, nikairudisha sauti ya mzee na kuweka manukuu ya Kiswahili, yaani yale maandishi ya chini ya picha ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita sabtaito. Kipindi kina dakika 26, na kazi hiyo ilinichukua siku tatu nzima, kwa sababu sikuwa na uzoefu nayo na kwa sababu kila neno la Kimachame nililazimika kumpigia mtu simu ili anifafanulie. Baada ya wiki mbili mama mmoja wa Pasua, Moshi, aliniandikia kwamba kijana wake asiyesikia alikaa naye sebuleni hadi mwisho wa kipindi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na kwamba baadaye kijana alimuuliza kwa ishara iwapo kwao pia kulikuwa na mfongo. Nilikuwa nimeyaweka maandishi yale kwa ajili ya mzee, na sikuwa nimemfikiria kabisa kijana wa Pasua.

Sasa ninataka vipindi vyangu vyote viwe na manukuu, na ninatamani watayarishaji wenzangu wafanye vivyo hivyo. Wadhamini niliowaendea wako tayari kulipia nembo yao ionekane lakini si maandishi, na kituo kinasema matangazo ya biashara hayatoshi hata kulipia umeme na wafanyakazi. Nimeanza kuandika barua kwa halmashauri kuomba fedha za kazi hii, na nimefikiria pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Kabla sijaipeleka ninaomba maoni yenu: je, ni haki kuomba fedha za wananchi kwa jambo hili, na kama ni haki, zilipwe kwa nani na kwa masharti gani ili zisiishie mifukoni mwa watu bila mtazamaji kuona herufi hata moja?

Fundi Mhariri (Njiro) amejibu:

Kaka, nimefanya kazi ya kuhariri picha kwa miaka mingi, na ninakushauri kwanza uieleze barua yako unaomba fedha kwa kazi ipi hasa, kwa sababu neno manukuu linabeba kazi kadhaa, na kila moja ina fundi wake. Ipo kazi ya kusikiliza na kuandika kila kilichosemwa. Ipo kazi ya kutafsiri pale ambapo lugha imebadilika. Kisha ipo kazi ya kuyakata maandishi vipande vipande na kuvipa muda wa kuingia na kutoka, na hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayoamua kama mtazamaji atasoma au atakata tamaa.

Kanuni iliyozoeleka katika kazi hii ni mistari isiyozidi miwili kwa wakati mmoja, kila mstari ukiwa na herufi zisizozidi takriban 37 hadi 42, na maandishi yakae sekunde za kutosha kusomwa bila haraka. Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya kasi ya kusoma vimeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. BBC, kwa mfano, hushauri maneno 160 hadi 180 kwa dakika, na ukikichukua kipimo hicho ukakiweka kwenye Kiswahili utamwonea msomaji, kwa sababu neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima. "Hawatatusaidia" ni neno moja la herufi 14, na ndani yake mna mtendaji, mtendwa, wakati na kukanusha. Kwa hiyo sisi tunapaswa kuhesabu herufi kwa sekunde, wala si maneno kwa dakika. Tunapaswa pia kujifunza mahali pa kukata mstari. Ukiacha "ya" au "kwa" ikining'inia mwishoni mwa mstari wa juu huku nomino yake ikiwa chini, jicho linajikwaa, na mtazamaji hajui ni kitu gani kimemsumbua.

Najua wapo watakaosema kwamba siku hizi kompyuta hufanya yote hayo yenyewe. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zimesonga mbele, na mimi huzitumia kupata rasimu ya kwanza, hasa kwa Kiswahili cha msomaji wa habari aliyekaa studio. Ziweke mbele ya mzee wa Machame, au mbele ya mama anayeongea sokoni Kilombero magari yakipita, uone zitakavyoandika. Jambo linalonitia hofu zaidi ni kukanusha kwetu. Tofauti kati ya "dawa hii itumike" na "dawa hii isitumike" ni silabi moja tu, na mashine ikiimeza silabi hiyo katika kipindi cha afya, maandishi yatakuwa yamemwelekeza mgonjwa kinyume cha maneno ya daktari. Nimewahi kuikuta rasimu ya namna hiyo kwenye kipindi cha dawa za mifugo, na niliiona kwa sababu tu nilikuwa ninasikiliza huku ninasoma. Kwa hiyo fedha yoyote itakayotolewa ni lazima imlipe binadamu wa kusoma upya, na jina la mhakiki huyo liandikwe mwishoni mwa kipindi kama linavyoandikwa la mpiga picha.

Kuna jambo la mitambo pia. Manukuu yanaweza kuchomwa ndani ya picha, yakawa sehemu yake milele, au yanaweza kusafiri pembeni kama mkondo wake, mtazamaji akayafungua na kuyafunga kwa rimoti. Njia hii ya pili ndiyo ya kiungwana zaidi, na mfumo wa kidijitali tuliouingia tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012 unaiwezesha. Lakini kituo chako hakimfikii mtazamaji moja kwa moja, kwa kuwa hukabidhi mawimbi yake kwa mwenye mitambo ya kusambaza, kisha kinafuata king'amuzi cha nyumbani, na mnyororo huo wote ni lazima ukubali kuubeba mkondo wa maandishi. Kwa sasa ningekushauri uyachome kwenye nakala ya televisheni, na wakati huohuo ulihifadhi faili la maandishi peke yake.

Faili hilo ni dogo kuliko picha moja ya simu, nalo ndilo ambalo umma unapaswa kulinunua. Likiwa mali ya umma, shule inaweza kulichapisha, maktaba inaweza kulihifadhi, na mtu wa Rombo anaweza kulitafsiri upya bila kuanza mwanzo. Kulipa halafu faili likabaki kwenye kompyuta ya mtayarishaji mmoja ni sawa na kuchimba kisima kwa fedha za kijiji ndani ya ua wa mtu.

Nimalizie kwa kusema kwamba mji wetu haukosi watu wa kazi hii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa hapa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa na wakalimani na watu wa kunakili mwenendo wa kesi. Leo tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kazi ya kugeuza usemi kuwa maandishi kwa usahihi imefanyika mjini hapa kwa miaka mingi, isipokuwa haijawahi kushuka hadi kwenye televisheni ya nyumbani.

Msomaji wa Kaloleni (Arusha) amejibu:

Nimesoma habari za kijana wa Pasua nikaona ni lazima niandike. Mimi nilipoteza usikivu nikiwa darasa la sita, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Nilikuwa tayari ninajua kusoma, kwa hiyo kwangu manukuu ni kila kitu. Nikiyaona, mimi ni mtazamaji kama wengine, na yasipokuwapo ninakuwa mtu wa kuuliza "amesema nini?" hadi wenzangu wananijibu kwa neno moja tu ili niwaache watazame.

Hata hivyo ninaomba jambo moja lieleweke vizuri, kwa maana watu wanaosikia huliruka mara nyingi. Wenzangu waliozaliwa viziwi, wakiwamo rafiki zangu waliosoma shule ya viziwi ya Mwanga, lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Lugha hiyo ina sarufi yake, haifuati mpangilio wa sentensi ya Kiswahili, na kwa wengi wao Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili waliyojifunza shuleni kwa taabu bila kuwahi kuisikia. Manukuu yanayokwenda mbio hayawasaidii kama yanavyonisaidia mimi. Kwa hiyo barua yako isije ikampa mtu mwanya wa kusema kwamba manukuu yakiwapo, mkalimani wa lugha ya alama hahitajiki. Ni mahitaji mawili ya watu wasiofanana, na wapo wanaoyahitaji yote mawili kwa pamoja.

Tena hata huyo mkalimani tunayepewa hutendewa kama pambo. Nilikuwa ninatazama matangazo ya kikao kimoja cha bajeti pamoja na rafiki zangu. Mkalimani aliwekwa kwenye kisanduku kidogo pembeni, na kila kamera ilipohama kuonyesha ukumbi kisanduku kile kilitoweka. Niliona mikono ya mtu ikikatwa katikati ya sentensi. Rafiki zangu walinigeukia mimi, nami sikuwa na la kuwaambia, kwa maana hapakuwa na maandishi pia.

Kuhusu swali lako la haki, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi vipindi vya televisheni kuwa miongoni mwa mambo tunayostahili kuyapata kwa namna tunayoweza kuyafikia. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Kwa hiyo usiandike kama mtu anayeomba hisani. Kodi ninayokatwa dukani ninaponunua sukari haipunguzwi kwa sababu sisikii, na sehemu ya kodi hiyo huendesha utangazaji wa umma ambao nusu yake haunifikii.

La mwisho ni ombi kwa wewe na Fundi Mhariri. Msiandike maneno tu. Andikeni pia kwamba mlango umegongwa, kwamba ng'ombe analia nje ya picha, kwamba watu wanaimba na wanaimba nini. Na pakiwa na wazungumzaji wawili mtuonyeshe ni nani anayesema, kwa rangi au kwa jina. Katika kipindi chako cha mifongo, ambacho nimekitazama usiku huu, kuna mahali mzee ananyamaza muda mrefu huku maji yakionekana yanapita. Ninadhani maji yale yana sauti, na ningependa iandikwe.

Mkazi wa Kiboroloni (Moshi) amejibu:

Sina ugomvi na manukuu, ila nina mashaka na fedha. Zahanati ya mtaani kwetu hukosa dawa, na barabara ya kwenda shuleni huwa tope kila masika. Mtu akisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema halmashauri ilipie maandishi ya televisheni, atazomewa, na sidhani kama wanaomzomea watakuwa wamekosea. Kuna la pili ambalo ni zito zaidi. Kituo kidogo kikizoea kulipwa na halmashauri kitawezaje kutangaza kwamba mradi wa maji wa halmashauri hiyohiyo umekwama? Leo inalipia maandishi, kesho itataka kuyasoma kabla hayajarushwa.

Mtayarishaji wa Sakina amejibu:

Ndugu wa Kiboroloni, hoja yako ya pili imenigusa kuliko ya kwanza, na ninakiri kwamba sikuwa nimeiweka kwenye barua. Ninafikiri njia ni malipo kufanyika baada ya kipindi kurushwa, kwa bei moja inayojulikana ya kila dakika ya maandishi yaliyohakikiwa, bila mlipaji kuuliza kipindi kilisema nini. Kwa utaratibu huo kipindi kinachosifu na kipindi kinacholaumu vitalipwa sawa. Kuhusu zahanati sina jibu la haraka, isipokuwa kwamba tangazo la siku ya chanjo nalo ni sehemu ya huduma ya afya, na mama asiyesikia anayelikosa tangazo hilo amekosa huduma yenyewe.

Msomaji wa Kaloleni, asante sana. Sauti ya maji nitaiandika.

Mwalimu Mstaafu (Marangu) amejibu:

Wanangu, nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninataka kuwaongeza kwenye hesabu yenu watu ambao bado hawajatajwa, nao ni wale wanaosikia vizuri lakini kusoma kunawapa shida.

Nchini India mtaalamu Brij Kothari, wa taasisi ya usimamizi ya Ahmedabad, alipata wazo katika miaka ya 1990 la kuweka maandishi chini ya nyimbo za filamu kwenye televisheni, kwa lugha ileile inayoimbwa. Mwaka 1999 jambo hilo lilianza kwenye kituo cha televisheni ya taifa hilo katika jimbo la Gujarat. Hakuna aliyeambiwa kwamba anafundishwa. Mtu anaupenda wimbo, anaujua kwa moyo, na jicho lake linafuata maneno anayoyatarajia. Kwa mtu aliyeacha shule mapema, huko ni kusoma kila siku bila daftari wala aibu. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kwaya zetu za Jumapili, ambazo kila nyumba ya huku mlimani hupenda kuzitazama, haziandikwi maneno yake chini. Kazi hiyo ni rahisi kuliko kipindi cha mifongo, kwa kuwa maneno tayari yako kwenye vitabu vya nyimbo.

Ila kwa sababu hiyohiyo ya kufundisha bila watu kujua, ninaogopa makosa. Ninasoma maandishi yanayopita chini ya habari na kukuta "ata" badala ya "hata", "uyu" badala ya "huyu", na "r" na "l" zikibadilishana viti. Ubaoni nilikuwa ninafuta kosa kabla mtoto hajalinakili, lakini kosa la televisheni linaonekana na maelfu kwa mara moja, na mtoto hulichukua kuwa ndiyo sahihi, kwa maana limetoka kwenye televisheni. Kama fedha za umma zitalipia maandishi, basi Kiswahili chake kihakikiwe, na Baraza la Kiswahili la Taifa litoe mwongozo mfupi wa uandishi wa manukuu ambao hata kijana wa kidato cha nne anaweza kuufuata. Maneno ya nyumbani yasiyo na kisawe, kama kihamba na mfongo, yabaki yalivyo. Kuandika "shamba" mahali mzee aliposema "kihamba" ni kumwondolea makaburi ya babu zake na migomba iliyo juu yake.

Tuna Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Wanachuo wale wanajifunza mawasiliano na watu wasiosikia. Mtayarishaji angefika pale kabla ya kufika halmashauri.

Afisa Ununuzi Mstaafu (Moshi) amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Ndugu Mtayarishaji, nimefanya kazi ya ununuzi serikalini, na ninaona barua yako inagonga mlango usio wake. Ukiandika "tunaomba ufadhili", mkurugenzi atakujibu kwa heshima kwamba bajeti imekwisha kupitishwa, na hapo ndipo safari itakapoishia. Ni heri uangalie fedha ambazo sheria imekwisha kuziweka.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana wenye ulemavu kinaweza kukopa kompyuta na vifaa vya kazi kupitia hapo. Lakini ninakuonya mapema kwamba huo ni mkopo, nao hurejeshwa. Nimeona vikundi vikichukua vifaa kwa furaha na kushindwa kurejesha, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuinunua kazi yao. Kwa hiyo swali la kwanza linapaswa kuwa mnunuzi ni nani.

Mnunuzi yupo, na ni halmashauri yenyewe pamoja na taasisi nyingine za umma. Kila mwaka taasisi hizo hulipia vipindi na matangazo ya televisheni: elimu ya mlipakodi, chanjo, usafi wa mazingira, maonyesho ya kilimo, mikutano ya kueleza miradi. Kipindi ambacho umma umekwisha kukilipia ndicho cha kwanza kupaswa kueleweka na umma wote. Haihitajiki sheria mpya wala mfuko mpya. Kinachohitajika ni kifungu kimoja kwenye mkataba wa utayarishaji, kwamba kazi haitapokelewa bila manukuu yaliyohakikiwa na faili lake la maandishi kukabidhiwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, ambayo ni vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kazi ya manukuu inaweza kutengwa kwa makundi hayo na kutangazwa kwenye NeST, yaani mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kama zabuni ndogo inayojitegemea. Hapo kikundi kilichokopa kompyuta kitakuwa na kazi, kazi italeta marejesho, na mkaguzi akija atakuta faili la maandishi ambalo linaweza kufunguliwa na kuhesabiwa dakika zake, tofauti na semina ambayo huacha karatasi ya mahudhurio tu.

Kuhusu vipindi vya binafsi kama vyako, tuwe waangalifu tusivibebeshe vituo vidogo mzigo wa kuviangusha. Uingereza, kwa sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 2003, walivitaka vituo viweke manukuu kwa kiwango kinachopanda polepole, lakini mdhibiti wao Ofcom huvisamehe vituo vyenye watazamaji wachache mno, na gharama inayodaiwa haizidi asilimia 1 ya mapato ya kituo. Marekani nako serikali ndiyo iliyoanza kutoa fedha zake yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1958 ya kuwawekea viziwi maandishi kwenye filamu. Sheria ya kuwataka wenye viwanda waweke kifaa cha kufungulia maandishi ndani ya televisheni zenye kioo cha inchi 13 na kuendelea ilipitishwa mwaka 1990, na wajibu wa watangazaji wenyewe ukafuata mwaka 1996. Umma ulitangulia kulipa, soko likafuata baadaye, na baina ya hayo mawili kulipita muda mrefu.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote usiuache, ila usiupelekee barua ya kipindi kimoja. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma ifike mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kuifikisha, na mara nyingi tumeichukulia hiyo kuwa ni minara vijijini. Ndugu yetu wa Kaloleni anakaa mjini kabisa, mnara anauona kutoka dirishani, na bado huduma haijamfikia. Hoja hiyo iende kwenye mfuko ikiwa imebebwa na vituo, vyama vya watu wenye ulemavu na chuo kwa pamoja.

Mkazi wa Kiboroloni amejibu:

Kwa mpango huu wa kuanza na vipindi ambavyo halmashauri imekwisha kuvilipia, ninaondoa pingamizi langu la fedha. La uhuru wa vituo ninalishikilia, na ninaomba ile bei moja ya kila dakika iandikwe.

Mtayarishaji wa Sakina amejibu:

Nimekaa na maoni yenu siku mbili, na barua nimeiandika upya tangu mstari wa kwanza. Neno ufadhili nimeliondoa. Sasa inaomba mambo matatu tu: kifungu cha manukuu na faili la maandishi kwenye kila mkataba wa kipindi unaolipiwa na halmashauri, bei moja ya dakika isiyotazama kilichosemwa, na kazi hiyo itengwe kwa vikundi vya watu wenye ulemavu na vijana. Aya ya mkalimani wa lugha ya alama imewekwa peke yake, ili isisomwe kana kwamba manukuu yanachukua nafasi ya mkalimani huyo. Jumatatu nitakwenda Patandi kwanza, kama Mwalimu alivyoagiza.

Wakati huohuo ninataka kukirudisha kipindi cha mifongo kwenye televisheni kikiwa na sauti ya mzee mwenyewe, nami nitamwomba mhariri wa kituo akubali Kimachame kisikike kwa kuwa Kiswahili kitakuwa kimeandikwa chini. Nimebakiwa na maneno kama kumi na mawili ambayo sina hakika nayo, hasa pale anapozungumzia zamu za maji. Kuna mtu wa Machame hapa anayeweza kukaa nami saa mbili Jumamosi?

Mwalimu Mstaafu (Marangu) amejibu:

Marahaba, Afisa. Mtayarishaji, Kivunjo changu kitakupotosha, maana Marangu na Machame hatusemi sawa. Lakini mke wa mdogo wangu ni mtu wa Machame, na baba yake alikuwa msimamizi wa mfongo. Nimekwisha kumwambia. Njoo naye binti wa yule mzee kama atapenda, na uje na kompyuta iliyochajiwa, umeme wetu Jumamosi si wa kuaminika.